Nusu Kidonge Si Kila Mara Nusu Dozi

Mara nyingi kidonge cha miligramu 10 na cha miligramu 5 huuzwa kwa bei zinazokaribiana. Mgonjwa wa presha aliyeandikiwa miligramu 5 hupiga hesabu, akanunua vya 10, akachukua kisu. Wengine hawakuamua wenyewe: daktari ndiye aliyeandika nusu asubuhi na nusu jioni, kwa kuwa dozi ndogo haipatikani dukani. Kwa dawa nyingi desturi hii haina madhara. Kwa nyingine ni hatari, na kwa kukitazama tu kidonge huwezi kuijua hatari hiyo.

Watu hutazama mstari uliochongwa katikati. Ni dalili nzuri, ila haitoshi. Viwango vya dawa vya Ulaya vinataka vidonge 30 vivunjwe kwa mkono, kisha nusu moja ya kila kidonge ipimwe kwenye mizani. Inaruhusiwa nusu moja tu kuwa nje ya asilimia 85 hadi 115 ya uzito wa wastani, na hiyo nayo isitoke nje ya asilimia 75 hadi 125. Kwa hiyo hata kidonge kilichofaulu kinaweza kukupa dawa pungufu leo na ya ziada kesho. Kisu cha jikoni huongeza tofauti hiyo, na unga unaobaki mezani ni dawa usiyoimeza. Isitoshe, ipo mistari iliyowekwa ili kidonge kikubwa kivunjwe kimezeke kwa urahisi tu. Haikukusudiwa kugawa dozi.

Kwa dawa nyingi za presha tofauti ndogo kama hizo husawazika kadiri siku zinavyokwenda. Warfarini inayozuia damu kuganda, digoksini ya moyo na fenitoini ya kifafa ni habari nyingine. Katika dawa hizi, kiasi kinachotibu na kiasi kinachodhuru vimekaribiana mno. Usizigawe kwa uamuzi wako.

Lakini jambo zito zaidi ni jinsi kidonge kilivyoundwa. Vidonge vingi vya diklofenaki ya maumivu hufunikwa utando usioyeyuka tumboni, ili dawa isiuchubue ukuta wa tumbo. Utando wa omeprazoli ya vidonda vya tumbo una kazi kinyume: unailinda dawa isiharibiwe na tindikali kabla ya kufika kwenye utumbo mwembamba. Ukikata, kinga imekwisha. Halafu kuna vidonge vya kutoa dawa polepole, ambavyo mara nyingi pakiti zake zina herufi kama SR, XR, CR, MR au neno Retard. Kidonge kimoja cha namna hiyo kinaweza kubeba dawa ya siku nzima. Nifedipini ya aina hii ikipasuliwa au kutafunwa, dawa nyingi huingia mwilini kwa mkupuo. Presha hushuka ghafla, na mgonjwa anaweza kuzirai au kupata madhara ya moyo. Hata hapa sheria si moja. Baadhi ya vidonge vya metoprololi ya presha hutoa dawa polepole na bado vinakatika kwenye mstari wake, kwa sababu ndani vina chembe nyingi ndogo, kila moja na utando wake. Vinakatika, lakini havitafunwi wala kusagwa.

Watoto nao wameumia na jambo hili. Kwa miaka mingi wazazi wa watoto wenye kifua kikuu walivunja na kusaga vidonge vya watu wazima, wakikisia dozi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 kuhusu watoto wenye VVU ulionyesha kwamba vidonge vya lopinaviri na ritonaviri vikisagwa, dawa inayoingia kwenye damu hupungua kwa karibu nusu. Mzazi alikuwa akifanya kila alichoweza, na mtoto bado hakupata tiba ya kutosha. Mwaka 2016 Kenya ilikuwa nchi ya kwanza duniani kusambaza nchi nzima vidonge vya kifua kikuu vya watoto, vinavyoyeyuka majini na vyenye ladha ya matunda. Huko ndiko tunakopaswa kwenda: dozi sahihi itoke kiwandani, mzigo usiachwe kwa mama na kisu chake.

Ukiambiwa kidonge chako kinakatika, tumia kifaa cha kukatia vidonge. Kata kimoja kwa wakati, na nusu ya pili iwe dozi inayofuata, maana unyevu wa Mombasa au Dar es Salaam unaweza kuharibu upesi dawa iliyoachwa wazi. Mjamzito asikate vidonge vya methotreksati, dawa ya saratani na baridi yabisi, wala kugusa vumbi lake, kwani dawa hiyo hudhuru mimba. Na kabla hujaondoka kwenye dirisha la dawa, muulize mfamasia: kidonge hiki, cha kampuni hii, kinaruhusiwa kukatwa? Wakikubadilishia kampuni mwezi ujao, uliza tena.