Hita na Vipimo vya Gari Kuukuu: Tuvikague Kabla ya Kupanda Bugarama



Bujumbura imelala kando ya Ziwa Tanganyika, penye mwinuko wa mita 800 hivi, na joto lake huwafanya wengi wetu tuione hita ya gari kuwa pambo tu. Lakini gari litokalo Gatumba kwenda Kayanza au Gitega hupanda kona nyingi hadi Bugarama, zaidi ya mita 2,000. Huko ukungu ni jambo la kawaida, na kioo cha mbele huingia mvuke kwa ndani. Dereva asiye na hita hukipangusa kwa kitambaa, mkono mmoja tu ukiwa kwenye usukani, huku malori yatokayo Kobero yakimteremkia. Kwa sababu hiyo tunaeleza hapa namna ya kutambua hitilafu mapema.

Tuanze na vipimo vya dashibodi. Swali la kwanza ni hili: je, vimeharibika vyote au kimoja? Kipimo cha mafuta na cha joto vikilala kwa pamoja, ni nadra sensa zote mbili kufa siku moja. Kagueni vinachoshirikiana: fyuzi, na waya wa hasi uliofungwa kwenye bodi, ambao mara nyingi huliwa na kutu. Katika magari ya zamani kipo pia kirekebisha umeme kidogo nyuma ya dashibodi. Kikiharibika, mishale yote huweza kupanda kupita kiasi.

Kipimo cha joto kikikosea peke yake, anzeni kwenye sensa yake. Swichi ikiwa imezimwa, chomoeni waya wa sensa na kuuunganisha na bodi kupitia balbu ndogo ya majaribio, isiyozidi wati 5. Kisha washeni swichi. Mshale ukisogea, waya na kipimo ni vizima. Sensa ndiyo yenye kasoro. Usiposogea, tafuteni kwenye waya au kipimo chenyewe. Kipimo cha mafuta mwachieni fundi, kwa maana cheche karibu na tangi ni hatari. Magari yenye kompyuta nayo yasijaribiwe kwa njia hii.

Kwa upande wa hita, feni ikizunguka kwa kasi ya juu tu, yaelekea rizista yake imeungua. Isipozunguka kabisa, kagueni fyuzi, relei, swichi na plagi ya mota. Feni ikivuma vizuri lakini hewa ni baridi, msiulaumu umeme kwanza, kwa sababu hewa hiyo hupashwa moto na maji ya injini.

Hivyo hita huweza kutoa ushahidi juu ya kipimo cha joto. Mshale ukibaki chini ilhali hita inatoa hewa ya moto, kipimo au sensa yake inadanganya. Mshale ukibaki chini na hita ikiwa vuguvugu, huenda thamostati imekwama wazi, au imeondolewa, kama wafanyavyo baadhi ya madereva wa nchi za joto. Lakini hita ikigeuka baridi ghafla mlimani, huenda maji yamepungua. Mshale waweza hata kushuka wakati injini inachemka, kwa kuwa sensa haiguswi tena na maji. Simameni mahali salama, wekeni pembetatu ya tahadhari, zimeni injini, wala msifungue kifuniko cha rejeta kabla hakijapoa.

Fyuzi ikiungua, ibadilishwe kwa nyingine ya ampea zilezile. Fyuzi ya ampea 30 mahali pa 10, au kipande cha waya, huacha hitilafu palepale na kuzipasha moto nyaya, hata gari likateketea na abiria wake. Kabla ya kufungua dashibodi, ondoeni waya wa hasi wa betri.

Mkifika kwa fundi, iwe Buyenzi au kwingineko, mwelezeni dalili kwa mpangilio huu, asije akabadilisha kifaa kizima. Kabla ya kuondoka mjini, washeni feni, ielekezeni kwenye kioo, na mtazame kila mshale. Nanyi abiria, mkimwona dereva akipangusa kioo ndani ya ukungu, mwombeni asimame. Ni haki yenu.