Tarumbeta mupya ao ya zamani?

Nani kati yetu hajanunua kitu juu ya kungaa kwake, kisha akajuta nyumbani? Kijana mumoja wa fanfare ya parokia yetu anasoma sasa muziki kule Ubelgiji. Aliniandikia: «Baba Pasta, nimepata pembe mbili za Kifaransa. Moja ni mupya. Ingine ni ya zamani, beyi yake ni ya chini, na muuzaji anasema watu wengine wanaitaka. Nikamate gani?» Feza ilitoka kwa baba yake, muzee wa pensheni aliyefanya kazi miaka mingi chini ya udongo. Kwa hiyo sikumujibu mbiombio.

Pembe ya Kifaransa ni ile tarumbeta ya kuzunguka, Wafaransa wanaiita cor. Ukinyoosha murija wake wa fa, unafika karibu metre 3,70. Pembe nyingi za leo ziko na murija wa pili, wa si bemol, karibu metre 2,70, na kidole gumba ndicho kinabadilisha njia ya pumzi.

Sisi watu wa mukuba tunaweza kuelewa chuma chake. Shaba ya njano ni mchanganyiko: kwa kawaida karibu 70 kwa mia ni shaba nyekundu, na 30 ni zinki. Pumzi ya mutu iko na maji. Miaka ikipita, maji ile inakula zinki, na inaacha madoa ya rangi ya waridi. Hapo murija umeoza toka ndani. Hauponi kwa kupanguzwa, unabadilishwa tu.

Je, ya zamani ni mbaya? Hapana! Wapigaji wengi wanatafuta sana Conn 8D zilizotengenezwa Elkhart, Indiana, kule Marekani, mbele kampuni haijauzwa mwaka wa 1969 na kazi kuhamia Abilene, Texas. Tena, mupya si kusema umbo mupya. Alexander 103 ya Mainz, kule Ujerumani, ilianza mwaka wa 1909, na hata leo ingali inatengenezwa. Basi, umri peke yake hautoshi kukuonyesha kitu.

Nilimwandikia kijana afanye hivi. Kwanza, aangalie vizuri murija unaopokea pumzi, karibu na mdomo, kama kuko madoa. Pili, avute murija mudogo wa kila kizibo bila kugusa kidole, kisha abonyeze. Kama kizibo kinafunga vizuri, atasikia «po!» Kama kiko kimya, hewa inatoroka. Lakini aangalie: mafuta mazito yanaweza kuficha ile hasara. Tatu, apige noti moja moja pamoja na mwalimu wake, mwenye masikio, si pamoja na muuzaji.

Akaenda kwa fundi. Vizibo viwili vilikuwa kimya, na madoa ya waridi yalikuwa pale pale karibu na mdomo. Fundi alihesabu kazi: beyi ya pembe pamoja na matengenezo ilipita ile ya mupya. Kijana akaacha, hata kama muuzaji alikasirika. Alinunua mupya, ya kawaida, yenye garanti. Kama vizibo vingefunga na murija ungekuwa muzima, mimi mwenyewe ningemwambia: kamata ya zamani, na feza inayobaki ulipe masomo.

Nilimuletea muzee habari. Alicheka, akasema: «Pasta, hata kule chini jiwe lilingaa mara nyingi. Tulilipeleka kwanza lipimwe, ndipo tulijua kama kuko mukuba ndani.»

Ndugu musomaji, kesho labda utanunua mashini ya kushona, kinga ao redio. Mutu akikuambia ukimbie, wewe simama kwanza, upime ndani.