Fahamu: Marafiki wa baleti ni akina nani?

Msimu wa baleti jijini London huanza majira ya vuli na kumalizika kiangazi. Kabla pazia halijafunguliwa, wapo waliokwisha kulipa: marafiki wa baleti.

Covent Garden, makao ya kundi la Royal Ballet, ina chama chao tangu 1962. Mwanachama hulipa ada ya mwaka. Naye hukata tiketi kabla ya umma na hupata nafasi ya kutazama mazoezi.

Kwa nini wanahitajika? Tiketi pekee hazikidhi gharama. Kiatu cha kuchezea kwa ncha za vidole, cha satini, kilichokazwa kwa gundi na tabaka za kitambaa, huweza kulegea baada ya onyesho moja tu. Bado okestra, mavazi na mapambo ya jukwaa.

Unataka kutazama baleti ya The Nutcracker wakati wa Krismasi? Usingoje Desemba; tiketi zake hugombewa mapema, na marafiki ndio hukata kwanza.