Matoleo manne ya mwisho

Kwenye dodoso wanalopelekewa wafamasia kuhusu majarida yao, swali lenyewe ni fupi: katika matoleo manne ya mwisho ya jarida hili, umesoma au kupitia mangapi? Chini yake vimepangwa viboksi: manne, matatu, mawili, moja, hakuna. Pembeni zipo picha ndogo za majalada, Drug Topics, Pharmacy Times, U.S. Pharmacist, mjibuji asije akachanganya moja na jingine.

Kinachokera ni kile kineno “au”. Aliyelikalia toleo saa nzima na aliyelifunua akisubiri chakula kipate moto kwenye maikrowevu wote wanaangukia kiboksi kimoja. Dodoso makini huongeza swali la pili, la umesoma vipi, lakini hilo nalo linajibiwa na mtu yuleyule, kwa kumbukumbu ileile.

Nchini Marekani majarida haya humfikia mfamasia bure. Bili hulipwa na watangazaji, nao wanataka kujua kama yanafunguliwa kabla hawajanunua ukurasa mwingine. Mfamasia ni mtu wa kuwindwa: mwenye kikohozi akisimama mbele ya rafu ya dawa zisizohitaji cheti, yeye ndiye anayeulizwa ipi inafaa.

Mfamasia mmoja, mama mzaliwa wa Tanga anayefanya kazi Marekani na asiyetaka jina lake litajwe, alijaza dodoso la namna hiyo kati ya zamu mbili. Alitia alama kwenye “matatu”. Nyuma ya kaunta yake rundo la majarida, mengine yakiwa bado kwenye nailoni, limeinua printa ya lebo hadi usawa wa kiuno.

Hakuwa na nia ya kudanganya, anasema. Mkono ulikataa kwenda kwenye “hakuna”. Kwake, mfamasia asiyesoma ni sawa na fundi asiye na nyundo, na karatasi ile, ingawa ilitoka kwa watu wa masoko, ilimtazama kama bodi ya leseni. Isitoshe, majalada anayaona kila siku anapovuta lebo. Je, huko si kuyapitia?

Watafiti wanaujua udhaifu huo tangu zamani. Mwaka 1940 mwanasaikolojia Darrell Lucas alieleza mbinu ya kuwaonyesha watu matangazo ambayo bado hayajachapishwa popote, ili ajue wangapi watadai wameyaona. Wapo waliodai, na madai yao yalitumika kurekebisha hesabu za matangazo ya kweli. Mtego mzuri, ila unampima anayekumbuka kisichokuwepo. Huyu wa Tanga majarida yake yapo, tena yanafanya kazi.

Lipo toleo moja ambalo halikuingia kwenye rundo. Linakaa kwenye mkoba, pembe zimejikunja, limejaa wino wa kijani. Ndani yake kuna makala ya mafunzo endelevu yenye mtihani mwishoni. Majimbo mengi hudai takriban saa 30 za mafunzo hayo kila miaka miwili, vinginevyo leseni haihuishwi. Makala hiyo ameisoma mara mbili, akapigia mstari vipimo vya dozi, akabishana na mwandishi pembeni kwa Kiswahili. Hapo hata Lucas angetulia.

Ukurasa unaoitazama makala hiyo ni tangazo la dawa. Kwenye sehemu yake nyeupe mama huyo amefanya hesabu: saa alizopata, saa zilizobaki, miezi iliyosalia. Jicho lake limepita hapo mara nyingi kuliko mahali pengine popote katika majarida yake yote. Alipofunikiwa ukurasa na kuulizwa ni dawa gani ile, alikumbuka rangi ya buluu na mzee mwenye mbwa. Jina hakulikumbuka.

Hilo liingie kiboksi gani? Alicheka, akaanza kujibu, lakini gari lilikuwa limeshafika kwenye dirisha la kuchukulia dawa na dereva anapiga honi.