Chemirocha: mwimbaji wa treni ambaye Wakipsigis walimpa jina lao

Huko Kapkatet, upande wa Kericho nchini Kenya, kulikuwa wimbo ambao wasichana wa Kipsigis walikuwa wanaimba kumusifu mtu mumoja anaitwa Chemirocha. Kwao alikuwa nusu mtu, nusu swala. Wasichana walikuwa wanamwita aje acheze nao, acheze kwa nguvu mpaka nguo zimwanguke. Mwaka 1950 Hugh Tracey, Muzungu aliyekuwa anazunguka Afrika na mashine ya kurekodi, alifika pale akauliza: huyu Chemirocha ni nani? Kumbe ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani, ambaye wakati huo alikuwa amekufa miaka 17 iliyopita na hakuwahi kukanyaga Afrika hata siku moja.

Namna jina lilivyogeuka si ngumu kuelewa. Kati ya Wakalenjin majina yenye kuanza na Che yako mingi sana, njo maana Jimmie Rodgers aliposemwa kwa mdomo wa Kipsigis alisikika kama mtu wa nyumbani. Inasimuliwa kwamba wamisionari Waingereza njo walileta fono, ile mashine ya kuzungusha kwa mkono, na diski zake. Watu wakasikia sauti ya mtu bila kumwona. Tena si sauti ya kawaida: Rodgers alikuwa na namna ya kurusha sauti juu ghafla na kuirudisha chini, ile wanaita yodeli, kama mchungaji anayeita ng'ombe toka mlima mwingine. Kwa wafugaji hiyo haikuwa kitu cha kigeni sana. Na gita lake lilifanana na kinubi chao, chepkong. Tracey alirekodi nyimbo tatu zenye jina hilohilo, mbili za wanaume na moja ya wasichana, na ile ya wasichana njo imejulikana zaidi duniani.

Swala lilitoka wapi? Pengine ni hivi: mtu anayeimba ndani ya kisanduku bila mwili, lazima umtafutie mwili.

Jimmie Rodgers mwenyewe alikuwa na mwili, na ule mwili ulikuwa mgonjwa. Alizaliwa tarehe 8 Septemba 1897, upande wa Meridian, katika jimbo la Mississippi. Mama yake alikufa yeye akiwa mtoto mdogo, baba yake alikuwa kapita wa kazi za reli. Kijana akaingia treni mapema, kwanza kupelekea wafanyakazi maji, kisha mtu wa breki. Wengi wa wale wafanyakazi walikuwa Waamerika Weusi, na kwao njo alisikia nyimbo za kazi na bluzi ambazo baadaye aliziweka ndani ya muziki wake. Hiyo haisemwi vya kutosha wakati watu wanamwita baba wa kantri. Mwaka 1930, kule Los Angeles, alirekodi hata pamoja na Louis Armstrong, mpiga tarumbeta Mweusi, na wakati ule Marekani ilikuwa bado inatenga watu kwa rangi.

Mwaka 1924 waganga walimwambia: uko na kifua kikuu. TBC. Kazi ya reli, na vumbi yake na baridi yake, ikamshinda polepole. Muziki ambao ulikuwa wa kujifurahisha ukawa njia ya kulisha bibi na mtoto. Mwezi wa nane 1927, katika mji wa Bristol, mbele ya Ralph Peer wa kampuni ya Victor, alirekodi nyimbo zake za kwanza. Mwisho wa mwaka uleule akarekodi wimbo wa kwanza wa zile alizoita Blue Yodel, na ule njo ulimfanya ajulikane kila pahali. Watu wa mashambani, wachimba makaa, wafanyakazi wa reli, wote walisikia mtu anayeongea kama wao. Nyuma ya gita yake aliandika neno la asante. Akimaliza kuimba, alikuwa anageuza gita watu wasome.

Feza ikaja, akajenga nyumba kubwa huko Kerrville, Texas, pahali penye hewa kavu, kwani wakati ule waganga hawakuwa na kitu kingine cha kumpa mgonjwa wa kifua isipokuwa hewa nzuri na kupumzika. Kupumzika hakujua. Aliendelea kusafiri, akaimba hata juu ya ugonjwa wake, wazi kabisa: mwaka 1931 alitoa wimbo wenye jina T.B. Blues. Watu wengi siku zile walikuwa wanaficha TBC kama aibu, jirani asijue. Yeye aliitaja kwa jina lake ndani ya diski ambayo ilicheza sebuleni mwa watu. Kwa wapenzi wake ambao walikuwa na mgonjwa nyumbani, haikuwa wimbo tu.

Mwezi wa tano 1933 alienda New York kurekodi, na muuguzi pembeni. Ndani ya studio waliweka kitanda kidogo. Anaimba, analala, anaamka, anaimba tena. Siku mbili baada ya kumaliza, tarehe 26 Mei, alikufa hotelini. Alikuwa na miaka 35. Katika miaka sita alikuwa amerekodi nyimbo zaidi ya 100. Maiti yake ilirudi Meridian kwa treni.

Dawa ya kwanza yenye kuua mikrobi ya TBC, streptomisini, iligunduliwa mwaka 1943. Miaka kumi ilimkosesha maisha. Leo, huku Kongo, matibabu ya TBC ni ya bure na kwa kawaida yanachukua miezi sita. Anayekohoa zaidi ya wiki mbili anaweza kupeleka makohozi yapimwe. Ile Rodgers hakupata kwa feza yake yote, mtu wa Rutshuru au wa Fizi anaipata bila kulipa, kama kituo cha afya kingali wazi na kama vita haijamkimbiza katikati ya dawa. Hapo njo shida iko, kwani dawa ya kukatizwa inafundisha mikrobi kuizoea.

Wapenzi wake hawakumwacha. Ernest Tubb, kijana wa Texas aliyekuwa anamwiga, alimtafuta mjane wake, Carrie, ambaye akamwazima gita ileile ya marehemu, na Tubb akaipiga miaka na miaka. Hank Snow, toka Kanada, alimpa mtoto wake jina la Jimmie Rodgers. Hao wawili walisaidia kuweka mnara Meridian mwaka 1953, miaka 20 kamili toka kifo chake. Mwaka 1961, wakati jumba la heshima la muziki wa kantri lilipopokea majina yake ya kwanza matatu, la Rodgers lilikuwa ndani.

Wale wa Kapkatet, lakini, hakuna aliyewakumbuka kwa muda mrefu. Sauti zao zilikuwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki wa Afrika ambayo Tracey aliianzisha mwaka 1954. Wapenzi wa muziki Ulaya na Marekani waliwasikiliza, wao wenyewe hapana. Mpaka 2015, miaka 65 baadaye, watu wa maktaba ile pamoja na wanamuziki wa Nairobi walipobeba rekodi mpaka kijijini. Wakakuta bado kuna mzee aliyekuwa kijana siku ile ya mashine.

Tracey alipita na huku. Mwaka 1952 alimrekodi Jean Bosco Mwenda kule Jadotville, ambayo leo ni Likasi, na gita ya Bosco ikajulikana dunia nzima. Mwaka uleule alikuwa pembeni ya msitu wa Ituri, akarekodi Wabudu, Wambuti na Wanande: nyimbo za kucheza, filimbi, ngoma, sauti za wanakijiji. Rekodi hizo ziko katika maktaba ileile iliyotunza Chemirocha, na mtu aliyekuwa na miaka 15 siku ile, kama bado anaishi, ana zaidi ya miaka 80.