Uzito wa Hewa: Utangulizi wa Kupima Sensa ya Hewa Nyumbani

Elimu hii huanza na swali la kitoto: hewa ina uzito gani? Bila jibu, kompyuta ya gari haijui imwage petroli kiasi gani, maana kilo 1 ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa ili iungue sawasawa. Katika magari mengi, jibu hutolewa na sensa iliyo baada ya filta ya hewa. Ndani yake mna waya mwembamba uliopashwa moto. Hewa ikiupoza, umeme huongezwa ili joto lisishuke, na nyongeza hiyo ndiyo hesabu ya hewa iliyopita. Kanuni ya upoaji huo ilichapishwa mwaka 1914 na Louis Vessot King wa Chuo Kikuu cha McGill, Kanada.

Mkazi wa Shituru, katika mji wa Likasi nchini Kongo, ana pa kuanzia. Katika kiwanda cha shaba cha huko, kilichojengwa na kampuni ya Union Minière, uzito wa shaba inayoganda kwenye mabamba hufuata umeme uliopita. Fizikia ni nyingine, lakini mazoea ya kusoma uzito kwa umeme ni yaleyale.

Kwa hiyo chukua multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, na ulipeleke gari uani penye hewa, maana moshi wake huua. Fungua swichi bila kuwasha injini: kwenye plagi ya sensa, waya mmoja uoneshe volti 12 hivi za betri, na waya wa ishara, katika Toyota nyingi, volti 1 au pungufu. Washa. Injini ikishapata moto, kanyaga mafuta ghafla. Ishara ipande papo hapo na kushuka bila kukwama. Ukiwa na kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, mafundi wana kipimo chao: injini isipokanyagwa mafuta, gramu za hewa kwa sekunde hukaribia idadi ya lita za injini, au huzidi kidogo.

Hapa pana jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Likasi iko mita 1,300 hivi juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi. Gari likipanda mlima kwa nguvu zote, sensa nzima itasoma chini ya namba za kitabu, nayo itakuwa inasema kweli. Sensa nyingi njema hutupwa kwa kosa hilo. Injini iliyotulia uani, kinyume chake, huhitaji karibu uzito uleule wa hewa popote ilipo. Ndiyo maana kipimo cha nyumbani kinaaminika.

Vumbi la kiangazi likiuvika waya, usomaji hushuka kweli. Usiuguse kwa kidole wala kitambaa. Tumia dawa ya kupuliza ya sensa hiyo, uache ikauke. Na kabla ya kununua nyingine, kagua mpira unaotoka kwenye sensa kuelekea kwenye injini: ukiwa na ufa, hewa huingia bila kupimwa.