Meli ya Ndizi Iliyovishwa Uwanja wa Ndege

Machi 1940, manowari za Uingereza na Kanada ziliikamata Hannover, meli ya Kijerumani, katika bahari ya Karibi. Mabaharia wake waliitia moto ili isiangukie mikononi mwa adui, lakini moto ukazimwa, ikavutwa hadi Jamaika. Ilikuwa bado mpya, imejengwa kusafirisha ndizi. Juni 1941 ilianza kazi nyingine, na punde ikaitwa Audacity. Sehemu zake za juu zilikuwa zimekatwa, na mahali pake pamelazwa sitaha bapa ya mita 140 hivi. Meli ya ndizi imekuwa uwanja wa ndege.

Ilikosa mengi. Haikuwa na banda la ndege. Ndege zake sita za kivita zilikaa juu ya sitaha, zikipigwa na mvua na chumvi, na mafundi walizitengeneza hapo hapo usiku. Mwendo wake ulikuwa wa meli ya mizigo, hivyo ilibidi igeuzwe ikabili upepo ili ndege zipate nguvu ya kupaa. Ya kutua ilishusha kulabu ya mkiani, ikanasa waya uliokingamishwa sitahani.

Basi ilifaa nini? Jibu limo katika udhaifu wa nyambizi za zama hizo, zilizowinda misafara ya meli za shehena. Juu ya maji, nyambizi ilikimbia kuliko meli nyingi za shehena. Ikipiga mbizi ilitegemea betri, ikawa ya kujikokota, na msafara ukaiacha nyuma. Kwa hiyo ndege haikulazimika kuizamisha. Kuonekana kwake tu angani kuliitia nyambizi chini, na uwindaji ukaharibika. Kadhalika, ndege kubwa za Kijerumani aina ya Condor, zilizoruka kutoka Ufaransa kutafuta misafara na kuziita nyambizi kwa redio, hazikutarajia kukutana na ndege za kivita mbali vile na nchi kavu.

Desemba 1941 Audacity ilisindikiza msafara HG 76 wenye meli 32 za biashara kutoka Gibraltar hadi Uingereza. Nyambizi ziliuandama siku kadhaa, lakini ni meli mbili tu za biashara zilizopotea. Audacity yenyewe haikufika. Usiku wa tarehe 21, ikiwa nje ya msafara, ilipigwa topido na nyambizi U-751.

Ilihudumu kwa miezi sita tu, lakini somo lilishaeleweka. Marekani ilijenga manowari ndogo za aina hiyo kwa makumi, nyingi za mwanzo zikitumia viunzi vya meli za mizigo. Uingereza nayo, kuanzia 1943, ilivisha sitaha meli za nafaka na za mafuta bila kuziondoa kwenye biashara. Hizo zilichaguliwa kwa sababu shehena yake hupita kwenye mabomba: haihitaji milango mikubwa juu wala winchi, vitu ambavyo vingezibwa na sitaha ya ndege.

Manahodha wake walibaki kuwa raia, na bendera ikabaki ya biashara. Rubani aliporudi kutoka doria, alitua juu ya ngano ya mikate ya Waingereza, ile ile aliyoondoka kwenda kuilinda.